Nyuma ya Mkia Hakuna Mtu

Sipendi baiskeli. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nasimulia haya kwa mapenzi ya mchezo. Mimi ni dereva wa pikapu, na msimu wa safari ukifika kazi yangu ni kubeba mabegi ya watu wazima wenye akili timamu walioomba likizo kazini ili wakapande milima kwa miguu yao wenyewe. Wanatoka jasho, wanachubuka, wanakula vumbi. Jioni wanakaa barazani wakioneshana magoti na kucheka. Nimewauliza mara nyingi raha iko wapi. Wananijibu kwamba siwezi kuelewa mpaka na mimi nipande. Basi sitaelewa, na maisha yataendelea.

Aliyeniingiza katika kazi hiyo ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Ni fundi baiskeli. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya soko, kina mlango wa mbao wa vipande viwili, ringi zimening'inizwa ukutani mpaka darini, na sakafuni kuna beseni la kutafutia pancha ambalo maji yake yamekuwa meusi kwa miaka. Kiti ni kimoja tu, na hicho ni cha mteja. Yeye huchuchumaa. Hulizungusha gurudumu polepole akigonga spoki moja moja kwa ukucha, na ile iliyolegea huijua kwa mlio wake. Wakati huo hataki mtu aongee.

Kaka yangu hajui kunyamaza, na ndivyo walivyofahamiana. Alipeleka baiskeli iliyopinda ringi, akakikalia kile kiti, akapiga soga mpaka akafukuzwa. Kesho yake akarudi bila baiskeli. Akafukuzwa tena. Mama yetu alipoletewa habari kwamba mwanawe anataka kuoa fundi baiskeli aliuliza swali moja tu, kama huyo binti ana masikio ya kutosha.

Safarini shemeji haitwi jina lake. Anaitwa Mkia, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho. Mbele hutangulia Mwalimu, mzee mkavu aliyestaafu ualimu na anayeijua njia hiyo kama anavyoijua nyumba yake. Katikati wanakuwa wageni, kila mtu na mwendo wake, wengine wamesambaa umbali mkubwa. Mwisho kabisa ni shemeji, na mkoba wa spana na rundo la mipira ya ndani ya matairi kiunoni, akijikokota nyuma ya mgeni dhaifu kuliko wote. Anaziba pancha, anarudisha minyororo iliyochomoka, anabembeleza waliochoka na kuwakaripia waliodeka.

Njia yenyewe ni ndefu, inazunguka nchi yote ya vilima na mabonde ya huko, ikipita mashamba, misitu ya kupandwa na vijiji ambavyo gari langu haliwezi kuvifikia. Haina alama. Ziliwekwa zamani, mabango ya bati yenye mishale, lakini bati ni bati. Bango likisimamishwa leo, keshokutwa utalikuta limekuwa mlango wa banda la kuku. Ndipo wakabuni namna yao. Mwalimu akifika njia panda, hukata tawi lenye majani mabichi na kulilaza kwenye njia isiyopitwa. Anayekuja nyuma akiona tawi, anajua njia hiyo imefungwa, anafuata nyingine. Rahisi, hata mtu aliyechoka akili anaelewa.

Na Mkia akipita huliokota lile tawi na kulitupa kando. Wanakijiji walikwisha kulalamika kwamba mikokoteni yao inakwama kwenye matawi ya wapita njia, na tena tawi kavu la safari iliyopita linaweza kumpoteza mtu wa safari ijayo. Kwa hiyo yeye hufagia. Akishapita, panda inabaki kama ilivyokuwa, kana kwamba hakupita mtu.

Ndiyo maana wana sheria moja inayotangulia nyingine zote: nyuma ya Mkia hakuna mtu. Ukitaka kujisaidia, umwambie Mkia, atakusubiri. Ukitaka kupiga picha, umwambie. Kwa kuwa nyuma yake hakuna mtu, shemeji hana sababu ya kugeuka. Macho yake siku zote yako mbele, kwenye migongo ya watu.

Kaka yangu hakuwahi kwenda nao. Yeye ni karani wa stoo, mtu wa kukaa, na tumbo lake linamtangulia mlangoni. Kila msimu alibaki nyumbani akinung'unika kwamba mkewe anawatunza watu asiowajua kuliko anavyomtunza yeye. Halafu mwaka ule akatangaza kwamba na yeye anakwenda. Tulicheka wote. Hakujali. Alifanya mazoezi mitaani jioni, watoto wakimkimbilia nyuma na kumshangilia, na shemeji akamtengenezea baiskeli yenye matairi mapana ya kubeba kilo zake. Nilimwona akiisuka ile ringi ya nyuma. Aliifumua na kuisuka upya mara kadhaa.

"Shemeji, hiyo ni ya baiskeli au ya trekta?" nilimuuliza.

"Ni ya ukoo wenu," alinijibu bila kuinua kichwa. "Mnakula kama mnahama kesho."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kaka alikuwa wa mwisho kila siku, mbele kidogo tu ya mkewe, akiwapigia wakulima kelele za salamu na kuimba kwenye mteremko. Jioni alikuwa na hadithi kuliko waliotangulia. Nilianza hata kumwonea wivu kidogo, ingawa nisingemwambia.

Kisha ikafika siku ya bonde.

Tulikuwa tumelala katika nyumba ya wageni ya mbao juu ya kilima. Nilipoamka sikupenda hali ya hewa. Kulikuwa na joto zito asubuhi mapema, na upande wa milima ya juu, ambako mto unatokea, hakukuonekana milima. Palikuwa na weusi tu. Huku kwetu halikuwa limedondoka hata tone. Upepo haukuwepo kabisa, na nguo za wageni zilining'inia kwenye kamba bila kutikisika. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama uani akiwatazama ng'ombe wake. Walikuwa wamefunguliwa waende mtoni kunywa maji kama kawaida, na walikuwa wamesimama getini, wamegoma. Alimchapa mmoja, akasogea hatua mbili akarudi.

"Leo wana nini hawa?" alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote.

Alipoleta chai alimkabili Mwalimu. "Daraja la chini msiliguse. Wamebandua mbao za katikati, wakasema wataleta mpya. Hawajaleta. Zimebaki kamba za chuma na mbao chache huku mwanzoni."

"Tunajua, mama," Mwalimu alisema. "Sisi tunapita juu, kwenye mgongo wa kilima."

"Ukitokea huku huoni kama halina katikati. Mpaka uwe umeshafika."

"Nitaweka tawi kubwa."

Mama aliendelea kumimina chai vikombeni, na nikaona kimoja kimefurika na hakutambua.

Kabla ya kuondoka shemeji aliwakusanya wageni uani kama anavyofanya kila asubuhi, akarudia maneno yake. Breki zikaguliwe. Maji yajazwe. Nyuma yake asibaki mtu. Na la mwisho, ambalo hulisema polepole akimwangalia kila mmoja: mtu akianguka vibaya, akisema mgongo unauma au hasikii miguu, asinyanyuliwe. Asikalishwe, asigeuzwe, asivutwe. Afunikwe, abaki pale pale alipolala mpaka waje wanaojua. "Wengi hawaumizwi na baiskeli," alisema. "Wanaumizwa na wenye huruma."

"Hata akiwa mume wa mtu?" kaka aliuliza kutoka nyuma, mdomo umejaa mkate.

"Hasa mume wa mtu."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Nikafunga turubai juu ya mizigo nikaondoka.

Barabara yangu inazunguka kilima kwa mbali na kukutana nao mchana kwenye kibanda cha kupimia mazao, ambako hupumzika na kunywa chai. Kwenye kalvati la kwanza maji ya kijito yalikuwa ya rangi ya matofali, wakati huku mvua haijanyesha. Kwenye la pili yalikuwa yanapita juu ya barabara. Niliyavuka polepole huku nimekamata usukani kwa mikono miwili, nikasikia mawe madogo yakigonga chini ya gari. Mtu aliyekuwa amesimama kando na jembe begani alinipungia mkono, nikadhani ananisalimu. Nilipomtazama kwenye kioo alikuwa bado anapunga, na haikuwa salamu. Alikuwa ananiambia nisirudi kwa njia ile.

Nilifika kibandani, nikawasha jiko, nikasubiri. Ukungu ulianza kushuka kutoka msituni, ukafunika miti ya karibu. Mwalimu alitokea ndani yake, amelowa kama aliyetumbukizwa. Wakafuata wageni, mmoja mmoja na wawili wawili, kimya tofauti na siku nyingine. Walijifunika mataulo, wakashika vikombe kwa viganja vyote viwili. Mvua ikaanza na pale kibandani, nyembamba.

Shemeji alifika mwisho na mgeni aliyekuwa anachechemea. Alishuka, akaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa kibanda, akavua glovu. Akatazama waliokaa.

"Kaka yako yuko wapi?"

Nilidhani ananitania. "Nimuulize nani? Si ulikuwa naye?"

"Alinipita kule kwenye magogo. Alisema leo anataka kufika na wakubwa."

"Hajafika hapa, shemeji."

Alirudia kutazama watu, uso kwa uso. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, nikasikia anaita, akarudi. Nimemjua mwanamke huyu miaka mingi na sijawahi kumwona akiogopa kitu. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya rangi ya majivu.

"Yuko nyuma yangu," alisema.

Mwalimu alisimama. "Haiwezekani. Nyuma yako hakuna..."

"Mzee, yuko nyuma yangu! Na matawi nimeyaondoa yote."

Habari kamili tulikuja kuipata baadaye, kwa mdomo wa kaka mwenyewe. Alikuwa amepanga mzaha. Katika msitu, kwenye rundo kubwa la magogo yaliyokatwa, alitangulia kidogo, akaingiza baiskeli nyuma ya rundo, akachuchumaa huku ameziba mdomo asicheke. Mkewe akapita. Kaka akatoka, akaanza kumfuata kimyakimya. Alitaka shemeji ageuke amwone, ashtuke, wacheke wote wawili katikati ya msitu, waje watusimulie. Alimfuata hivyo kwa muda, akisubiri ageuke. Hakugeuka. Kwenye mwinuko kaka akaishiwa pumzi, akashuka kusukuma, na alipofika juu ukungu ulikuwa umeshameza kila kitu. Alipiga kengele, akaita. Shemeji alikuwa mbali na mvua ilishaanza kwenye majani.

Tuliitupa baiskeli ya shemeji ndani ya pikapu tukaingia njia ya msituni, ambayo gari linaweza kuipita mpaka kwenye panda. Mwalimu alibaki na wageni. Simu huko hazishiki, lakini shemeji alikuwa amekamata ya kwake mkononi na kuibonyeza bila kukoma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilitamani anitukane jambo lolote.

Kwenye panda aliruka kabla sijasimama vizuri. Njia ya kushoto ni nyembamba, inapanda kwenye mgongo wa kilima, imejaa mizizi. Ya kulia inateremka, pana, imekanyagwa vizuri na mifugo ya miaka mingi. Mgeni yeyote akisimama pale bila kuambiwa kitu, kulia ndiko atakakoiona njia. Na mtu mwenye tumbo, aliyetoka kusukuma baiskeli mlimani, akiona mteremko anamshukuru Mungu.

Tawi lilikuwa kwenye nyasi kando, pale pale alipolitupa. Majani yake yalikuwa bado mabichi, na lilikuwa kubwa kama Mwalimu alivyoahidi. Shemeji alilitazama. Kisha akainama kwenye tope la njia ya kulia. Alama ya tairi ilikuwa imekaa wazi, pana, ile ambayo hakuna mwingine katika safari aliyekuwa nayo. Ilikuwa inashuka tu. Hapakuwa na ya kurudi.

Gari lisingeweza kushuka. Nilichukua kamba ya kuvutia gari na turubai, tukakimbia. Kadiri tulivyoshuka ndivyo sauti ilivyokua. Mwanzoni nilidhani ni mvua inakuja kupitia msituni. Haikuwa mvua. Ulikuwa mto, na tulikuwa hatujauona bado.

Mama mwenye nyumba ya wageni alisema kweli. Daraja lilianza vizuri tu, mbao zimepangwa sawasawa, kamba za chuma huku na huku, na mbele ukungu. Ungeapa kwamba linaendelea. Mbao ya mwisho ilikuwa na mkwaruzo mweupe, mbichi, wa breki. Baiskeli ilikuwa imenasa kwa usukani kwenye kamba ya chuma, inaning'inia, gurudumu la nyuma bado linazunguka kwa upepo wa mto.

"Baba watoto!" shemeji aliita. Sijui kama aliwahi kumwita hivyo mbele yangu.

Chini, kutoka mahali tusipopaona, sauti ya kaka ikajibu. "Nipo. Mwambie Mwalimu nimefika kwanza."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, siwezi kuficha. Tulishuka ukingo kwa makalio, tukishika mizizi. Alikuwa amelala chali juu ya jiwe kubwa bapa lililotokeza mtoni, mkono mmoja umekaa vibaya, uso mzima mzima. Aliponiona alinikonyeza. Maji ya rangi ya matofali yalikuwa yanapita pande zote za jiwe, yakibeba matawi na mabua, na katikati ya mto gogo zima lilipita likijigeuzageuza.

Shemeji alipiga magoti kando yake. Alimshika kila mahali kwa mikono miwili, taratibu, kama anavyolikagua gurudumu. Alipofika kwenye mapaja aliminya.

"Hapa?"

"Wapi?"

"Hapa, nakuminya."

Kaka alinyamaza. Nasema alinyamaza, na wanaomjua wataelewa jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. "Sisikii, mke wangu," alisema mwishoni. "Mgongo unauma, lakini huko chini sisikii."

Nilimtazama shemeji na yeye akanitazama. Sote wawili tulikuwa tunasikia maneno yake ya asubuhi. Alivua koti lake akamfunika. "Hanyanyuliwi," alisema. "Wewe panda, rudi na gari, leta watu wa hospitali na machela yao. Mimi nitakaa naye."

"Shemeji, barabara imekatika kule kwenye kalvati. Mpaka wafike..."

"Nimesema hanyanyuliwi!"

Nikageuka kuondoka. Na hapo nikaona kwamba mahali nilipokanyaga wakati nakuja, ule mchanga kati ya ukingo na jiwe, palikuwa maji. Si mengi. Yalifika kifundoni. Nilisimama nikayatazama, na nilipokuwa nikiyatazama yakapanda. Kule juu kwenye weusi ilikuwa imenyesha tangu usiku, na maji yake yalikuwa ndiyo kwanza yanafika.

"Shemeji, tazama hapa."

Alitazama. Akaangalia kwenye jiwe. Ukingo wa chini wa jiwe ulikuwa umeshalowa, na maji yalikuwa yanafanya ulimi mdogo kuelekea kwenye unyayo wa kaka, yanarudi, yanakuja tena. Kaka hakuyahisi. Ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba maji yalikuwa yanalamba mguu wake na yeye alikuwa anatukodolea macho sisi ajue kinachoendelea.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mmenyamaza kama mko mtihanini?"

Shemeji alikuwa amefumba macho. Nadhani alikuwa anapima kitu ambacho mtu hapaswi kupima: kumwacha alale mgongo upone na maji yafike, au kumnyanyua kinyume cha kila alichowahi kuwafundisha watu, kwa mikono ile ile iliyoliondoa tawi. Nilitaka kumsaidia kuamua. Sikuthubutu. Mume ni wake.

Alifumbua macho. "Leta mbao."

Nilipanda darajani nikang'oa mbao mbili zilizolegea, nikazitupa chini. Alizilaza sambamba, akatoa mipira yake ya ndani kiunoni yote, akaanza kufunga. Alifunga mbao, akazitelezesha chini ya kaka kidogokidogo huku mimi nimeshika kichwa chake kwa viganja, kisha akamfunga yeye, paji la uso, kifua, kiuno, magoti, akivuta kila fundo kwa meno. Maji yalikuwa kwenye magoti yetu. Kaka alikuwa ameshaelewa, kwa sababu sasa aliyasikia sikioni. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Taratibu," na baadaye, "Mke wangu, fanya haraka."

"Shika upande wa miguu, shemeji."

"Shemeji, una hakika?"

"Shika."

Tukanyanyua. Kaka alitoa sauti moja, fupi. Halafu hakutoa nyingine. Tulimpandisha ukingo ule kwa kamba ya gari, shemeji akivuta kutoka juu, kamba imezungushwa kwenye mti, mimi nikisukuma chini kwa bega. Hakutazama kingine isipokuwa uso wa mumewe unaomjia. Tulipofika juu nilianguka kwenye majani, nikageuka kutazama nilikotoka. Jiwe halikuwepo. Palikuwa na maji tu, yanapita yamenyooka, na kifundo kidogo cha povu mahali lilipokuwa.

Kaka yuko hai. Anaongea kuliko zamani, kama hilo linawezekana. Hatembei. Daktari aliyempokea alikuwa kijana mwenye macho yaliyochoka, na baada ya kuangalia picha alitoka kwenye korido akatuuliza nani alimnyanyua. Shemeji akasema, "Mimi." Daktari akasema, bila ubaya, kwamba katika majeraha ya namna hiyo mara nyingi uharibifu huongezeka mgonjwa anapohamishwa, na kwamba kama angeachwa alivyolala huenda miguu ingekuwa na nafasi. Nilimweleza yule kijana kuhusu mto na jiwe, kwa sauti kubwa mpaka muuguzi akanishika mkono. Daktari akasema anaelewa. Alikuwa ameshasema.

Shemeji ameacha safari. Karakana bado ipo, na mimi hupitia pale jioni nikitoka kazini. Hukikalia kile kiti cha mteja, naye huendelea kugonga spoki zake. Wakati mwingine katikati ya kazi mkono wake husimama, gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake, na ninajua kinachokuja.

"Shemeji," huniuliza, "una hakika ulilitazama lile jiwe?"

"Nililitazama."

"Lilikuwa limefunikwa lote?"

Yeye hakugeuka, hivyo hakuona. Mumewe alikuwa amefumba macho. Katika dunia nzima aliyeona ni mimi peke yangu, mtu ambaye tangu siku ya harusi yake sijawahi kumwambia jambo bila utani, na ambaye angeweza kumdanganya kwa huruma. Hilo analijua, ndiyo maana anauliza tena.

"Lote, shemeji," humwambia. "Hapakubaki hata pa kutua ndege."

Hunitazama kwa muda mrefu, usoni, akitafuta kama nacheka.